Injini Chini ya Kitanda cha Dahabo

Jumamosi iliyopita niliwaacha kwenye barabara ya Kipsing, mimi Huqa, mzee niliyestaafu udereva wa greda, nimeketi juu ya jiwe nikilitazama gari langu likikata roho. Injini yake ya petroli ilikuwa imepasuka na kutema vyuma mchangani. Fisi akaja, akainusa, akaenda zake. Anayesema naongeza chumvi akamuulize fisi.

Kwa aliyefungiwa mandazi na gazeti la wiki ile, nieleze upesi. Gari lenyewe ni kombi kuukuu ya kulala ndani. Nyuma ina kitanda, na injini iko chini yake; ina kabati, ina jiko la gesi la kuchemshia chai. Waliniachia wazungu wawili wazee waliochoshwa nalo, nami nikawapa dume la ngamia waendelee na safari yao. Mjini wanasema wazungu ndio waliofaidi.

Sikulitaka kwa fahari. Mke wangu Dahabo alianguka akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo hawezi kuketi. Kusimama anasimama kwa mkongojo, kulala analala. Kuketi, hapana. Sasa niambieni, ni gari gani la abiria linalobeba mtu aliyelala?

Na dada yake mkubwa, Sabdio, yuko Kulamawe, mgonjwa wa kutotoka kitandani. Sabdio ndiye aliyemlea Dahabo mama yao alipofariki. Alimbeba mgongoni, akamtafunia nyama, akamfundisha kukamua. Kila asubuhi Umulkheir, binti yake Sabdio, alikuwa akipiga simu.

"Mama hajala. Mama anauliza, Dahabo amefika wapi?"

Niliporudi kutoka Kipsing na habari ya injini, Dahabo hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Baba Kuno," aliniambia, "mimi dada yangu sitamzika kwa simu."

Nikaenda kwa Etabo.

Etabo ni fundi wa Kiturkana, gereji yake iko nyuma ya soko la mifugo la Isiolo. Haina paa wala mlango. Ina vyuma vitatu vilivyosimamishwa, mnyororo wa kuning'inizia injini, na mdomo wa Etabo, ambao haujawahi kupumzika tangu nimjue.

"Petroli sahau, mzee," alisema. "Spea za hiyo ziko makumbusho. Mimi nitakupa dizeli. Ya turbo."

Neno turbo alilitamka kama mtu anayetaja jina la mchumba.

"Umeitoa wapi?"

"Pikapu ya miraa. Ilibingirika, bodi ikaisha, injini haikukwaruzwa hata kidogo."

"Injini ya miraa si haijazoea kusimama?"

"Ndiyo uzuri wake! Utafika Kulamawe kabla ya moshi wako."

Tukacheka wote wawili. Mungu atusamehe kile kicheko.

Kwa asiyejua, turbo ni kifeni. Moshi wa injini unakizungusha, nacho kinaipulizia injini hewa kwa nguvu, kigari kinakwenda kama lori. Kifeni hicho kinazunguka kwa kasi ya ajabu, hivyo lazima kioshwe na oili wakati wote. Oili inaingia kwa juu, ikishaosha inateremka yenyewe kurudi tumboni mwa injini.

Etabo alikata chuma cha tela kuukuu, akakichonga sahani ya kuunganisha injini ngeni na gia boksi ya kombi. Akapitisha mabomba ya maji kutoka nyuma hadi mbele. Kazi ilikwenda vizuri, mpaka alipoiinua injini kwa mnyororo na kuipima mahali pake.

Haikutosha. Ikisimama wima, kichwa chake kinatokeza juu ya kitanda.

"Hiyo si shida," Etabo akasema, anatafuta msumeno. "Tunakata kitanda. Tunatoboa hapa katikati, tunajenga kasanduku, mama atalala pembeni."

"Nani anakata nini?"

Tuligeuka. Dahabo alikuwa amesimama pa kuingilia gereji na mkongojo wake. Jinsi alivyotembea kutoka nyumbani hadi pale, sijui. Hata leo hanielezi.

"Shikamoo, mama," Etabo akasema, na msumeno akauficha nyuma yake.

"Etabo. Kwenu Turkana, nyumba ni ya nani?"

"Ya mama."

"Na kitanda?"

"Cha mama pia. Lakini hii ni gari, mama."

"Ina paa?"

"Ina."

"Ina jiko?"

"Ina."

"Nitalala humo?"

"Utalala."

"Basi ni nyumba, na kitanda hicho nimekitandika kwa mkono wangu. Mwanamume haweki msumeno kwenye kitanda cha mke. Kitanda kinavunjwa mwenyewe akifa au akiachwa. Baba Kuno, nimekufa?"

"La."

"Umeniacha?"

"Astaghfirullahi, mama Kuno, mbele ya watu!"

"Basi tafuteni njia nyingine." Akazunguka gari, akagonga mbao za kitanda kwa mkongojo. "Na hizi mbao mzipige misumari. Sitaki kila mkikohoa mnafunua kitanda changu mchungulie hiyo takataka yenu."

Mimi nimewahi kumfukuza chui kwa greda, lakini hapo nilirudi nyuma hatua mbili. Alikuwa na haki, na kila mtu aliyezaliwa huku anajua hivyo. Nyumba ya mwanamke haiguswi, hata ikiwa na magurudumu.

Etabo akainama, akapima kwa shibiri nafasi ya chini ya mbao. Kisha akapiga paja.

"Hatukati. Tunailaza! Injini tunailaza ubavu. Ikilala inaingia chini ya mbao, na nafasi inabaki."

Akailaza. Akatengeneza vishikio vipya, akaunga bomba la hewa lipite chini ya kitanda. Mbao zikapigwa misumari na Dahabo akisimamia, anahesabu kwa kichwa. Kwa ajili ya kuangalia oili, kikabaki kifuniko kidogo cha nyuma, karibu na namba ya gari.

Siku ya kuiwasha, Etabo alipiga stata mara moja. Injini ikakohoa, ikanguruma, mbuzi wa sokoni wakavunja boma. Wafanyabiashara walitutukana kwa lugha zote za Isiolo. Nilikuwa na raha, jamani. Nilimkumbatia Etabo na grisi yake yote.

Yeye akanivuta kando.

"Mzee, sikiza. Injini imelala, si ndio? Kwa hivyo ile oili ya turbo haina mteremko mzuri wa kurudi. Ukijaza sana inakwama huko juu, injini inainyonya. Dizeli ikianza kula oili yake yenyewe, ufunguo hauna kazi tena. Itakula mpaka ipasuke."

Akachomoa kijiti cha kupimia oili. Alikuwa amekitia alama mpya kwa tupa, chini kabisa, karibu na ncha.

"Hapa. Isipite hapa. Ile alama ya juu ni ya injini iliyosimama. Umesikia?"

"Nimesikia."

Masikio yalisikia.

Kesho yake Umulkheir akapiga simu mapema. Sauti haikuwa ile ya siku zote. Hakuuliza Dahabo amefika wapi.

"Baba mdogo," alisema, "kama mnakuja, njooni." Simu ikakatika kabla sijamwambia gari liko tayari, na haikupatikana tena.

Dahabo aliniangalia usoni tu, akaanza kufunga vitu. Vibuyu vya maziwa, mkeka, sufuria, shoka la kuni. Nilimwambia tunaenda kumwona mgonjwa, hatuhami. Akasema nyumba isiyo na shoka ni ya mjane. Nikapakia shoka.

Etabo alisema atatusindikiza, aisikilize injini yake njiani. Akaenda kibandani kunywa chai na chapati. Mimi nikabaki na gari.

Nikafungua kile kifuniko cha nyuma. Nikachomoa kijiti.

Oili ilikuwa imelowesha ncha tu. Ncha! Kama ulimi wa paka.

Nawaombeni mnielewe. Mimi nilikua nyuma ya ngamia. Mnyama anayevuka jangwa humtoi nyumbani na koo kavu. Unamshusha kisimani, unamchotea, akigeuza kichwa unamwimbia, anakunywa tena. Unamwimbia mpaka ubavu unavimba na mnyama anashusha pumzi. Hapo ndipo unasema, sawa, twende. Baba yangu hakupoteza ngamia hata mmoja kwa kiu.

Nikalitazama debe la oili aliloliacha Etabo. Nikakitazama kile kijiti. Nikafikiria Dahabo amekwama porini kwa sababu ya ubahili wa Etabo, na Sabdio huko anahesabu pumzi.

Nikamimina.

Na nikaimba. Ule wimbo wa kisimani, wa kupokezana ndoo. Niliuimba polepole, oili ikishuka glug, glug, mpaka kijiti kikaonyesha ile alama ya juu, ya injini iliyosimama. Nikaifunga. Nikapangusa mikono kwa kikoi. Nilijiona mtu mwenye huruma.

Etabo akarudi na chapati mkononi.

"Uko sawa, mzee?"

"Niko sawa. Panda."

Tulitoka mjini kama harusi. Dahabo amelala nyuma juu ya kitanda chake, mimi usukani, Etabo kushoto kwangu. Nikakanyaga mafuta, turbo ikapiga mluzi, kombi ikaruka mbele. Tulipita lori la mbuzi. Tulipita lori la mchanga. Dereva wake alitoa kichwa nje kuhakikisha macho yake.

"Mama!" Etabo akapaza sauti. "Unaonaje kitu ya Etabo?"

"Inanitetemesha meno," Dahabo akajibu. Lakini alikuwa anacheka. Nilimwona kwenye kioo. Tangu aanguke sikuwa nimemwona akicheka.

"Tutafika kabla ya adhuhuri," nikamwambia.

"Inshallah. Nitamkuna kichwa. Alikuwa ananikuna mimi nikilia."

Tuliacha milima nyuma. Barabara ikanyooka. Nikasikia harufu kama ya sufuria iliyosahauliwa motoni.

"Mzee," Etabo akasema, "huo moshi wa nyuma ni wetu?"

"Ni vumbi."

"Vumbi la buluu?"

Hapo injini ilikuwa imeanza kupanda kasi yenyewe. Nilitoa mguu kwenye mafuta. Ikapanda. Niliinua mguu juu kabisa, Etabo auone. Ikazidi kupanda.

"Zima!"

Nikazungusha ufunguo. Taa zote zikafa. Injini haikufa.

Nikauchomoa kabisa, nikamwonyesha. "Ufunguo huu hapa! Huu hapa mkononi!"

"Usikanyage klachi! Iache kwenye gia, kanyaga breki, usikanyage kla..."

Nilikuwa nimeshakanyaga, na gia nimeshaitoa.

Injini ikaachana na magurudumu, ikapata uhuru wake. Nimesikia tembo aliyenaswa, nimesikia ndege ya jeshi ikipita juu ya boma. Sijawahi kusikia ule ukelele. Gari liliserereka, likapunguza mwendo, likasimama katikati ya barabara, linatetemeka kama mtu wa malaria. Moshi mzito mweupe ukatoka nyuma, ukatupanda, ukaingia madirishani. Sikuuona usukani niliokuwa nimeushika.

Etabo akaivuta gia kwa mikono miwili airudishe. Ilimkwaruzia, ikakataa. Akanigeukia.

"Uliongeza oili?"

Nikakohoa.

"Mzee! Uliongeza?"

"Kidogo."

"Kidogo gani?"

"Ya kunywesha."

Alinitazama jinsi sitaki kutazamwa tena na mtu. Kisha akaruka nje, akazunguka nyuma, nami nikamfuata nikipapasa bodi ya gari.

"Hewa!" alikuwa anapiga kelele. "Inazimwa kwa kuzibwa hewa! Bomba liko chini ya kitanda!"

Akafungua mlango wa nyuma. Dahabo alikuwa ameshateremka kitandani, amepiga magoti kwenye sakafu, ushungi umeziba pua. Etabo akashika mbao, akavuta. Misumari ilikuwa imara, tuliipiga wenyewe. Akaangalia shoka. Akaangalia kitanda. Na nawaapia, chuma kikilia hivyo, moto ukiwa karibu kutulipukia, yule kijana alisimama akauliza:

"Mama! Ruhusa!"

"Toka hapo," Dahabo akasema.

Akalichukua shoka mwenyewe.

Alipiga akiwa amepiga magoti. Pigo la kwanza likakwama kwenye ubao. Akalichomoa, akapiga tena, na tena, vibanzi vikaruka hadi kifuani kwangu. Ubao ukapasuka. Etabo akaingiza mkono, akang'oa kipande, akaonyesha kwa kidole mdomo wa bomba. Ulikuwa unanyonya hewa kwa nguvu hadi ncha ya ushungi wa Dahabo ikaelekea huko.

Dahabo akavuta mto wake akausukuma mle. Injini ikautingisha mto, ikatafuta upenyo. Mikono yake haikutosha.

Basi akaketi.

Mke wangu ambaye hajaketi tangu avunjike, aliketi juu ya ule mto kwa uzito wake wote, akatoa sauti ambayo sitaiandika gazetini. Chini yake injini ikapiga kwikwi, ikatetemesha gari zima, ikashusha pumzi ndefu. Ikanyamaza.

Masikio yangu yalibaki yakilia. Hatukusikia ndege, hatukusikia upepo, hatukusikia kitu. Moshi ulikuwa umelala juu ya barabara kama blanketi, pande zote mbili.

Tulimwinua Dahabo, mimi bega hili, Etabo bega lile, tukamlaza kwenye kile kilichobaki cha kitanda. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Baba Kuno," akasema, "nimekivunja mwenyewe."

"Mama Kuno, ni mimi. Nilijaza oili. Etabo alinikataza, nikajaza."

"Najua. Nilikuwa nimelala humu. Nilikusikia ukiiimbia."

"Na hukusema kitu?"

"Nilidhani ulikuwa unaniimbia mimi."

Etabo akageuza uso akaangalia matairi.

"Sasa nisikilizeni," Dahabo akasema. "Nyinyi mtalia baadaye. Hii gari imekufa, sawa. Simamisheni lori, simamisheni punda, nilazeni juu ya magunia, sijali. Sabdio ananingoja."

Nikateremka barabarani kuangalia kama kuna lori linakuja. Tulikuwa tumeyapita la mbuzi na la mchanga, lazima yangetufikia. Nilitazama upande wa Isiolo. Moshi. Nikatazama upande wa Kulamawe. Moshi vilevile, ila sasa ulikuwa unaanza kukatika.

Na ndani yake kulikuwa na mtu anakuja kwa miguu.

Alikuwa mwanamke. Ndala moja mguuni, mguu wa pili mtupu. Nguo imejaa vumbi ubavu mzima, kama aliyeburutwa. Alikuwa anatembea katikati ya barabara kama mtu anayetembea usingizini. Alipotufikia, akasimama, akaangalia kombi, akaangalia moshi.

Sikumtambua. Dahabo ndiye aliyemtambua, kutoka kitandani, kwenye ule mlango wa nyuma uliokuwa wazi.

"Umulkheir?"

Msichana akaendelea kuuangalia moshi.

"Umulkheir, mwanangu, unafanya nini huku? Mama umemwachia nani?"

"Alichoka kungoja," Umulkheir akasema. Alikuwa anasema nami, hakuwa anasema na mama yake mdogo. "Asubuhi baada ya simu, alisema, kama Dahabo hawezi kuja, nilazeni kwenye gari nimfuate. Tukamlazia godoro nyuma. Alikunywa maziwa njiani, baba mdogo. Alikuwa anaongea."

"Umulkheir," Dahabo akasema.

"Tuliona moshi mbele. Dereva akasema ni vumbi tu, akaingia. Halafu tukaona gari limesimama katikati, karibu kabisa. Akakata usukani."

Hakuna kati yetu aliyekuwa amesikia kitu. Kwa ule ukelele wa injini, tungesikia nini?

Upepo ukageuka, ukauvuta moshi kando. Hatua chache tu mbele ya kombi, chini kwenye laga, mkondo wa mto uliokauka, nikaona gari dogo jeupe limelala ubavu. Dereva alikuwa amelipandia juu, anauvuta mlango wa nyuma kwa mikono miwili, mguu ameukita kwenye bodi. Mlango haukuja.

Etabo alikuwa ameshaanza kukimbia.

Mimi nikabaki ukingoni mwa barabara. Nyuma yangu nikamsikia Dahabo akimwita dada yake, kwa sauti kubwa kwanza, kisha kwa lile jina la utotoni ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake katika maisha yetu yote. Aliita tena. Kule chini dereva akaacha kuvuta. Etabo naye akasimama akiwa ameshika bodi ya gari, na Umulkheir akaziba mdomo kwa kiganja.

Tulinyamaza wote, tukisikiliza kama kuna atakayeitika.